Nilipoonja mvinyo kwa Kiswahili

Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Lyon, na mpaka juzi nilikuwa na mbinu moja tu mezani. Ikija chupa ya mvinyo, nanusa kama wenzangu wanavyonusa, natikisa kichwa taratibu, halafu nasema, "Mzuri sana." Basi. Mbinu hiyo imenivusha harusi mbili na sherehe za kazini zisizo na idadi. Wafaransa wakianza kutaja wanavyovisikia kwenye glasi, mara ngozi, mara majani makavu ya msituni, mimi nachungulia glasi yangu nione hayo majani yameingilia wapi.

Ijumaa moja tulikwenda sita, tunaofanya kazi pamoja, kwenye mgahawa wa kizamani wa aina ambayo hapa huitwa bushoni. Meza zimebanana, unakula kiwiko chako kikiwa kwenye sahani ya jirani, na juu ya kitambaa wametandika karatasi. Chakula chenyewe ni cha watu wa kazi: soseji, maini, na utumbo wa ng'ombe uliopakwa chenga za mkate ukakaangwa. Utumbo! Kitu ambacho kwetu ukikila kwa mama lishe unaangalia kwanza kama bosi wako hapiti, hapa kimeandikwa kwenye menyu kwa mwandiko wa madaha, na watu wanaweka nafasi wiki mbili kabla.

Tulianza na mvinyo wa Beaujolais, mashamba ambayo yapo kaskazini tu mwa jiji. Unaletwa kwenye chupa nzito ya kitako kinene yenye sentilita 46, sijui kwa nini wasimalizie hizo nne ikawa nusu lita. Mmoja wetu ni mtoto wa mkulima wa huko, na akishaanza kusimulia huwezi kumzima. Zabibu zao ni aina ya Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, jimbo lililo kaskazini mwa Beaujolais, Philippe le Hardi, aliamuru miche hiyo ing'olewe kwenye ardhi yake, akaiita mibaya na isiyo na uaminifu. Gamay ikabaki kusini, kwenye udongo wa mawe ya matale wa Beaujolais, na huko ndiko ilikopata nyumba. Mwenzetu anaisimulia habari hiyo ya miaka zaidi ya 600 kama kwamba aliyetukanwa ni mama yake mzazi.

Kisha ikaja chupa ya pili, ndiyo iliyotuleta. Côte-Rôtie. Inatoka Ampuis, safari fupi kusini mwa Lyon, kwenye kingo za mto Rhône ambako mlima umesimama kama ukuta. Niliwahi kupita kule kwa treni. Wamejenga matuta ya ngazi kwa mawe, na kila mche umefungwa kwenye mti wake kama maharage ya kutambaa. Trekta haiingii, kazi yote ni ya mkono na mgongo. Zabibu ni Syrah, na sheria inaruhusu kuchanganya kidogo na nyeupe za Viognier, zisizidi asilimia 20.

Mhudumu akaifungua, akammiminia aliyeagiza kama vidole viwili hivi, akasimama kusubiri. Yule akanusa, akaonja, akaitikia kwa kichwa, ndipo na sisi tukamiminiwa. Kinachotafutwa pale ni kama kizibo kimeharibu mvinyo; kikiharibu, unanuka kama maboksi yaliyolowa stoo.

Hapo nikamkumbuka Mama. Nimekulia Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Mama alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka rangi, zinapoa, unaongezwa uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu. Kabla mgeni hajapewa, Mama anachota kwa kata, anakunywa yeye kwanza mbele ya watu. Asipofanya hivyo hakuna mzee atakayenyoosha mkono, maana mbege usiyojua aliyeionja ina mambo. Kwa hiyo kitendo ni kilekile, ila mtu amebadilika. Huku anayelipa ndiye anayekagua. Kwetu mwenye pombe ndiye anayejiweka rehani.

Nilikuwa nimezama kwenye mawazo hayo, nikasikia naulizwa: "Na wewe, unasikia nini?" Watu watano wananitazama. Nikajaribu mbinu yangu ya siku zote, wakacheka. "Hapana, sema kweli."

Nikanusa tena. Pilipili manga. Nikaitaja kwa Kifaransa, wakakubali kwa vichwa. Kumbe Syrah inajulikana kwa hilo. Nikapata moyo. Nikanywa funda, nikaliacha mdomoni. Na kilichokuja kilikuja kwa Kiswahili: zambarau. Zambarau kabisa, zile zilizoiva na kuanguka zenyewe, zenye utamu mbele na ukakasi nyuma. Sasa zambarau unawaelezaje watu wa Lyon? Nikawaambia ni tunda la mti mkubwa, dogo, jeusi, ukilila ulimi unageuka rangi, kwa hiyo mtoto aliyekatazwa kuparamia mti hawezi kukana. Anaambiwa atoe ulimi tu, kesi imekwisha. Mtoto wa mkulima akachukua kalamu ya mhudumu, akaandika kwenye ile karatasi ya mezani: *zambarao*. Amekosea herufi, lakini ameandika.

Halafu ukakasi wenyewe. Wao wanasema tanini, neno la maabara. Tanini ni kitu kilichomo kwenye ganda na kokwa za zabibu, ila neno halikuambii mdomo wako umefanywa nini. Ukakasi unakuambia. Mtoto wa miaka mitano aliyeng'ata ndizi mbichi anaujua, mashavu yamekauka, ulimi umekuwa kama jamvi. Tuna ugwadu, uchachu, ukali, uchungu, na kila kimoja kina maana yake, hakuna anayekichanganya na kingine. Nikamalizia na kibuyu cha maziwa cha Wamasai, kile kinachosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yanabeba moshi. Maana ule mvinyo ulikuwa na moshi, naapa.

Miaka saba nimekaa kimya mezani nikidhani sina ulimi. Kumbe nilikuwa nahangaika kuonja kwa maneno ya kuazima. Yule anayesikia majani ya msituni anasikia msitu wa babu yake.

Ndiyo maana sikubaliani na Watanzania wenzangu wa huku wanaosema mambo ya mvinyo ni maringo ya wazungu. Maringo yapo, sikatai. Nimekaa na watu wanaosoma lebo badala ya kunywa. Lakini chini ya maringo kuna jambo ninalowaonea wivu wa kweli: wameuheshimu ujuzi wa mkulima mpaka wakautungia sheria. Tangu mwaka 1935 huwezi kuandika jina la mahali kwenye chupa kwa kujisikia tu. Mipaka ya shamba imechorwa, aina ya zabibu imetajwa, na kiasi cha mavuno kwa hekta kina kikomo. Wana neno terwari, maana yake udongo, mteremko, jua, na mikono ya watu wa pale, vyote kwa pamoja. Sisi Wachaga tunaita kihamba, lile shamba la ukoo, na wazee wa kwetu wakionja mbege walikuwa wanamwambia Mama bila kuulizwa, "Leo msesewe umezidi," au "Ndizi hizi si za kwako." Hawakukosea. Hao ndio wangekuwa wataalamu wa mvinyo wenye koti jeusi na kishikizo cha dhahabu kama wangezaliwa Ampuis. Kwetu waliitwa walevi wa pombe za kienyeji.

Na Syrah hiyohiyo inalimwa Dodoma! Tena kwa hali ya hewa ya kule mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mtoto wa mkulima aligoma kuliamini mpaka nilipomwonyesha kwenye simu. Likizo iliyopita, katika hoteli moja ya Moshi ambayo nitaisitiri, niliagiza mvinyo wa Dodoma. Kijana akainama, akaninong'oneza kama mtu anayenionya kuhusu mkopo: "Kaka, hiyo inaumiza kichwa. Tuna ya Afrika Kusini." Yeye mwenyewe, nilipomuuliza, hajawahi kuionja.

Nisieleweke vibaya, pombe nimeiona inavyofanya. Nimemzika baba mdogo kwa sababu yake. Kwenye hilo pia huku kuna cha kujifunza. Nchi hii ya mvinyo ina sheria ya mwaka 1991 inayokataza matangazo ya pombe kwenye televisheni na udhamini wake kwenye michezo. Sisi bia iliwahi kudhamini hadi timu ya taifa. Na baa zetu chupa tupu haziondolewi mezani, zinapangwa kama mataji, ili anayepita ahesabu.

Lakini ilipokuja bili nikarudi kuwa Mchaga. Simu sita zikatoka. Nani hakula kitindamlo, nani alikunywa kahawa, ya Côte-Rôtie tugawe kwa sita, euro 18 na senti 33 kila mtu. Senti! Watu ambao dakika tano zilizopita walikuwa wananishika bega wakijifunza kutamka zambarau. Kwetu mmoja angesimama akaenda kaunta kimyakimya, na wengine wakajifanya kugombana naye. Ni kweli pia kwamba huyo mmoja mara nyingi ni shemeji yangu, na mara nyingi ni mwezi wa ada. Dada yangu akisoma hapa atajua ninamaanisha nini, na sijui kama angechagua utaratibu wa kwetu.

Kesho yake nikampigia Mama, nikamsimulia yote, mlima, mawe, moshi, zambarau. Akasikiliza vizuri. Akauliza nani alionja kwanza, nikamwambia mnunuzi. Akaguna. Akauliza bei, nikapunguza kidogo, bado akasema "Yesu wangu." Kisha akanyamaza, nikajua anapiga hesabu.

"Mwanangu, hiyo chupa ni lita ngapi?"

"Haifiki lita, Mama. Robo tatu."

"Na mlikuwa sita."

"Sita."

"Mmekaa muda gani?"

"Saa tatu hivi."

"Aa," akasema, na sauti yake ikapoa. "Basi hao wanaonja kweli."