Paa la trela halina mgongo

Fundi bati yeyote atakwambia msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni. Maji yanapita bondeni. Tobo likiwa mgongoni, hata kile kimpira cha msumari kikichoka, mvua inateremka pembeni yake. Nimekulia Morogoro chini ya paa la namna hiyo, na mjomba aliyetufungia paneli yetu ya kwanza ya sola, ile ya taa tatu na kuchaji simu, alimaliza kazi kabla chai yake haijapoa. Nikadhani na huku Texas mambo yatakuwa hivyohivyo.

Trela letu ni la mtumba. Lina urefu wa futi 24, na ni lile la kukokotwa na pikapu, lenye vitanda, jiko na choo ndani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshafunga paneli mbili juu, na muuzaji alilisifia sana kwa hilo. Hazikupita wiki mbili, baada ya mvua moja ya Houston, nikaona doa la rangi ya chai darini, juu ya kitanda cha watoto. Nikapanda. Mguu mmoja wa paneli ulikuwa unacheza. Skrubu yake niliitoa kwa vidole. Nilipoingiza bisibisi kwenye tobo kupima plaiwudi ya chini, ilizama kama kwenye papai bivu.

Nikampigia mjomba.

“Bati lake geji ngapi?” akauliza.

“Siyo bati, mjomba. Ni mpira.”

“Mpira? Nyumba imeezekwa mpira?” Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza swali la kifundi: “Sasa mgongo wake uko wapi?”

Haupo. Matrela mengi ya huku yana paa karibu tambarare: shuka la mpira la unene wa milimita moja hivi, limegundishwa juu ya plaiwudi ya milimita tisa, na plaiwudi imelala juu ya kenchi nyembamba zilizopangwa kila baada ya sentimita 40 au zaidi. Tobo lolote unalotoboa liko bondeni. Na skrubu iliyoshika plaiwudi peke yake, bila kufika kwenye kenchi, imeshika kitu chembamba kuliko kidole changu cha mwisho.

Ndiyo maana nachoka nikisikia wenzangu wenye matrela wakibishana kuhusu wati. Mmoja anataka 400, mwingine 800, wa tatu ameshaagiza betri ya lithiamu. Paa hakuna aliyelitazama. Maoni yangu ni kwamba paneli ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii, na kama hujui kenchi zako zimepita wapi, weka drili chini.

Kuzitafuta si kazi ya ajabu. Chukua sumaku yenye nguvu, iburute taratibu juu ya mpira. Itanasa kila penye skrubu au pini iliyoshikilia plaiwudi kwenye kenchi. Weka alama kwa chaki, na baada ya nusu saa mistari inajichora yenyewe. Mimi sikurudia ile miguu ya chuma yenye umbo la Z iliyokuja na paneli. Piga hesabu: paneli nne, miguu minne kila moja, skrubu mbili kila mguu, matobo 32, na mengi yataangukia pasipo na mbao. Nilinunua reli mbili za alumini, nikazilaza kukatiza kenchi, nikatoboa pale tu chaki iliponiambia. Matobo yakawa 12. Chini ya reli nikaweka utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, na juu ya kila kichwa cha skrubu nikamwaga ile gundi nzito ya paa inayojitandaza yenyewe. Silikoni ya dukani usiiguse. Haishiki vizuri kwenye mpira huu, na ukishaipaka hakuna kingine kitakachoshika juu yake.

Wapo wasiotaka tobo hata moja, wanabandika kwa gundi tupu. Nawaelewa, ila mpira wenyewe umeshikwa na plaiwudi kwa gundi, kwa hiyo paneli yako itadumu kadiri gundi ya kiwandani itakavyodumu. Paneli ya wati 100 ikiinuka ukingo barabarani na kusimama mbele ya upepo wa kilomita 100 kwa saa, inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 30. Nyuma yako kuna gari la mtu. Zile paneli laini za kubandika moja kwa moja ndiyo sizitaki kabisa: hazina nafasi ya hewa chini, na paneli ikipata joto umeme wake unapungua. Agosti ya Texas haina huruma.

Jua la huku nalo lina tabia zake. Kwetu Desemba mchana liko karibu utosini. Tulipokwenda Big Bend, hifadhi ya taifa huku Texas, wakati wa Krismasi, saa sita mchana lilikuwa limeinamia kusini, digrii 37 tu kutoka upeo wa macho, na paneli iliyolala inapokea kama sehemu tatu kwa tano ya jua la moja kwa moja. Wengine hufunga vyuma vya kuinamisha paneli. Kila ukiegesha, upande ngazi. Kila ukiondoka, upande tena, na siku ukisahau, rudi kwenye ile hesabu ya kilo 30. Mimi niliongeza paneli moja nikaachana na ngazi.

Waya niliupitisha kwenye tundu la hewa la friji ya gesi, ambalo lipo tayari juu ya paa, ukashuka nyuma ya friji hadi kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri. Hilo lilinifurahisha kuliko yote, maana halikuongeza tobo. Na kwa wageni wetu, ambao swali lao la kwanza ni lilelile: hapana, AC haiwaki kwa sola hii. Inakula wati 1,200 na zaidi. Fungueni madirisha.

Kama paa lako limeshaoza, nunua paneli ya kukunja uiweke chini kwenye majani. Trela litakaa kivulini, paneli juani, na siku ya mvua utalala.

Kwenye trela letu, kile kipande cha plaiwudi kilichooza nilikikata nikaweka kipya. Doa juu ya kitanda cha watoto bado lipo. Nimelizungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni. Tangu Novemba halijauvuka.