Ndege-ng'ombe na Mitego ya Michigan: Je, Ilikuwa Haki?

Kabla jua halijachomoza, katika vichaka vya misonobari michanga kaskazini mwa jimbo la Michigan, jike mmoja wa rangi ya kijivu hutua kwenye kiota ambacho hakukijenga yeye. Hukaa humo kwa muda usiofika dakika moja, hutaga yai lake, kisha huruka zake. Mara nyingi huchukua pia yai moja la mwenye kiota, asubuhi hiyo hiyo au siku iliyo karibu. Kuanzia hapo kazi yote ya kuatamia, kulisha na kulinda humwangukia mwenyeji, ambaye pengine uzito wake ni theluthi moja tu ya uzito wa mgeni. Jike huyo anaweza kutaga mayai yapatayo 40 katika msimu mmoja, na asilee kinda hata mmoja maisha yake yote.

Kisayansi anaitwa Molothrus ater, na jina analopewa na watu wa Marekani na Kanada linamhusisha na ng'ombe, kwa hiyo hapa nitamwita ndege-ng'ombe. Si ndege adimu. Idadi yake barani humo inakadiriwa kupita milioni 100, naye huonekana mashambani, bustanini na kando ya barabara. Kuanzia mwaka 1972 idara za serikali huko Michigan zilimtega na kumuua kwa maelfu, msimu baada ya msimu, ili kumwokoa ndege mwingine, aitwaye ndege wa Kirtland, aliyebaki na madume mia mbili tu duniani. Wapo wanaoona kwamba huo ulikuwa wokovu uliokuja kwa wakati wake. Wapo wanaoona kwamba ndege wa asili wa nchi ile aliuawa kwa kosa lililofanywa na binadamu. Nimezipima hoja za pande zote mbili, na sioni kwamba upande wowote umekosea kabisa. Lakini naona kwamba kila upande umeshika kipande kimoja cha wakati na kukigeuza kuwa kanuni ya wakati wote.

Tuanze na ndege mwenyewe, maana wengi humhukumu kabla ya kumjua. Makao yake ya zamani yalikuwa nyika za katikati ya Marekani, ambako makumi ya mamilioni ya baisani, wale nyati wenye manyoya mengi, walikuwa wakihamahama. Ndege hao waliwafuata baisani kama yangeyange wanavyowafuata nyati na ng'ombe kwetu, wakila wadudu waliotimuliwa na kwato. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba anayefuata kundi linalohama hana nafasi ya kukaa mahali pamoja kwa majuma ya kuatamia na kulea, ndiyo maana akajifunza kudoea. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayatoshi, kwa sababu tabia ya kutaga viotani mwa wengine ilikuwapo katika ukoo huu, huko Amerika Kusini pia, tangu mamilioni ya miaka iliyopita. Inaelekea kuhama pamoja na baisani kulimfaa ndege aliyekwisha kuwa mdoezi, zaidi ya kumfanya awe mdoezi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kuishangaa sana tabia hii, kwani tunayo nyumbani. Kekeo huwatagia kwera, fumbwe huwatagia ndege wengine wadogo wala mbegu, na yule ndege maarufu anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki hutaga viotani mwa wengine pia. Wataalamu wanahesabu kwamba udoezi huu ulizuka mara zipatazo saba katika historia ya ndege, kila mara katika ukoo tofauti. Ila kuna tofauti ambayo wanaomlaani ndege-ng'ombe huisahau. Kinda wa ndege wa asali huzaliwa na kulabu kali mdomoni, na kwa kulabu hizo huwaua makinda wa mwenyeji ndani ya giza la kiota. Kinda wa ndege-ng'ombe hana silaha ya namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha jambo la kushangaza: anakua vizuri zaidi akiwa na makinda wawili wa mwenyeji kando yake kuliko akiwa peke yake, kwa sababu vinywa vingi vilivyo wazi huwafanya wazazi walete chakula kingi zaidi, naye, kwa ukubwa wake na kelele zake, hupata fungu kubwa kuliko la wenzake. Makinda wa mwenyeji mwenye mwili mkubwa huvumilia. Wale wa mwenyeji mdogo mara nyingi hufa kwa njaa au kwa kukanyagwa.

Na ndege wa Kirtland ni mwenyeji mdogo. Uzito wake ni gramu 14 hivi, kifua chake ni cha manjano, na hutaga chini kabisa ardhini, kwenye nyasi zilizofunikwa na matawi ya chini ya msonobari wa aina iitwayo jack. Hakubali msonobari wowote tu: huutaka ule wenye umri wa kati ya miaka 5 na 20 hivi, na ukipita hapo huuacha. Koni za msonobari huo zimefungwa kwa utomvu, na joto la moto ndilo huzifungua na kuzimwaga mbegu. Kwa karne nyingi moto wa nyikani ndio uliomjengea ndege huyu makazi. Kisha walikuja wakataji wa mbao na wakulima, misitu ikafyekwa, ng'ombe wakaletwa, na ndege-ng'ombe akapata njia ya kuingia kaskazini ambako hapo awali hakuwa na lake. Baadaye moto ukazimwa kwa bidii kubwa, na misonobari ikazeeka. Sensa ya mwaka 1951 ilihesabu madume 432 wanaoimba, ile ya 1961 ikahesabu 502, na ile ya 1971 ikakuta 201. Ndani ya miaka kumi ndege hao walipungua kwa zaidi ya nusu.

Wanaotetea mitego huanzia hapo, na hoja yao ina nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu viota 70 kati ya kila 100 vilikuwa na yai la ndege-ng'ombe, na jozi nyingi zilimaliza msimu zikiwa hazijafanikiwa kurusha hata kinda wao mmoja. Hakuna ndege wa kundi dogo kiasi hicho anayeweza kudumu kwa uzazi wa namna hiyo. Mtego uliotumika ulikuwa kizimba kikubwa cha waya chenye mtama, maji na ndege-ng'ombe wachache walio hai wa kuwavuta wenzao, na juu yake mwanya mwembamba: ndege hukunja mabawa na kujitumbukiza ndani, lakini akitaka kutoka hawezi kupita akiwa ameyakunjua. Baada ya mitego kuanza, viota vilivyodoewa vilishuka hadi chini ya kumi kwa mia, na idadi ya makinda waliokua hadi kuruka ikapanda mara kadhaa.

Wapinzani nao hujibu kwa takwimu zile zile za sensa. Ikiwa ndege-ng'ombe ndiye aliyekuwa tatizo, kwa nini mwaka 1974 madume walikuwa 167, na mwaka 1987, baada ya miaka 15 ya kutega na kuua, bado wakawa 167? Makinda waliongezeka, lakini hawakuwa na mahali pa kwenda. Kilichobadilisha mambo ni ajali. Mwezi Mei 1980 moto uliowashwa kwa makusudi kama sehemu ya kutunza msitu uliponyoka karibu na Mack Lake, ukaunguza ekari zipatazo 24,000, ukateketeza nyumba na kumuua mfanyakazi mmoja wa misitu. Misonobari iliyoota katika majivu yale ilifikia umri unaofaa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndipo ndege wa Kirtland wakaanza kuongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2001 walivuka jozi 1,000, lengo lililokuwa limewekwa na mpango wa kuwaokoa. Kwa hiyo, wapinzani wanasema, ardhi ndiyo iliyookoa, na damu ya ndege-ng'ombe ilimwagwa bure.

Hapa sikubaliani nao, ingawa takwimu zao ni sahihi. Msitu mpya hauzai ndege. Unawapokea walio hai. Kama uzazi ungebaki katika hali ya miaka ya 1960, inaelekea kabisa kwamba misonobari ya Mack Lake ingefikia umri wake mzuri bila kumkuta wa kuikalia. Miaka 15 ya kusimama mahali pamoja inaonekana kama kushindwa kwa anayetazama sensa peke yake, lakini kwa kundi lililokuwa likiporomoka, kusimama ndiko kulikokuwa ushindi.

Ipo hoja nyingine ya wapinzani ambayo ni nzito zaidi, nayo ni ya mageuko. Wanasema kwamba mwenyeji hujifunza kujilinda kizazi baada ya kizazi, na binadamu akiingilia kati anaikatiza shule hiyo. Mifano ya kujilinda ipo mingi. Robini wa Marekani hulitambua yai geni na kulitupa nje. Ndege mdogo wa manjano aishiye kwenye mierebi ni mdogo mno kulitupa, basi hufanya kazi ambayo ukiitazama kwa karibu utamwonea huruma na kumstahi kwa pamoja: huleta nyuzi za majani na sufi ya mimea, akaifunika sakafu ya kiota pamoja na yai geni na hata mayai yake mwenyewe yaliyomo, kisha akajenga sakafu mpya juu yake na kuanza kutaga upya. Mdoezi akirudi, naye hujenga tena. Vimewahi kupatikana viota vyenye sakafu sita. Isitoshe, ana mlio maalumu wa kuonya ambao huutoa hasa anapomwona ndege-ng'ombe, na jike akiusikia huharakisha kurudi kukaa kiotani.

Ni kweli, basi, kwamba kinga hujengeka. Lakini hujengeka kwa gharama ya vizazi vingi, na katika kundi kubwa lenye ndege wa tabia mbalimbali, ambamo mmoja kati ya maelfu huzaliwa na jicho la kulitambua yai geni. Ndege wa manjano ni mamilioni. Ndege wa Kirtland walikuwa mia kadhaa, nao walikuwa wamekutana na mdoezi kwa takriban karne moja tu. Tena hata kinga ina adhabu yake. Watafiti walioondoa mayai ya ndege-ng'ombe katika viota kusini mwa Illinois waliripoti mwaka 2007 kwamba viota 56 kati ya kila 100 vilivyoondolewa yai la mgeni viliharibiwa baadaye, ikilinganishwa na 6 tu kati ya 100 vilivyolikubali; ndege-ng'ombe mwenyewe hurudi kukagua, na akikuta yai lake halipo, huvunja yaliyobaki na kumlazimisha mwenyeji aanze tena. Jambo hili nalisisitiza kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani na kukuta yai la madoa ya kahawia katika kiota kilicho barazani: kulitoa kwa mkono wako kunaweza kuwaletea madhara wale unaotaka kuwasaidia, na bila kibali ni kosa kisheria, kwani sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inamlinda ndege-ng'ombe kama inavyowalinda ndege wengine wa asili.

Ninachokikataa katika lugha ya baadhi ya watetezi wa mitego ni kumwita ndege huyu mwizi na muuaji. Si kwa sababu ya upole tu. Lugha hiyo inaficha nani aliyefungua mlango. Katika misitu mikubwa isiyokatwakatwa ya Ozark, huko Missouri, udoezi ni mdogo. Katika vipande vya misitu vilivyozungukwa na mashamba ya Illinois, viota vingi vya ndege wa msituni huwa na yai la mgeni, mara nyingine zaidi ya moja. Ndege ni yule yule, na viota ni vya aina ile ile. Kilichotofautiana ni urefu wa kingo za msitu, na kingo hizo zimekatwa kwa msumeno. Bara hilo limepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970, na paka peke yao wanakadiriwa kuua zaidi ya bilioni moja kila mwaka nchini Marekani. Kumlaumu ndege mmoja, ambaye dume wake ni mweusi mwenye kichwa cha kahawia, ni kukwepa hesabu hiyo.

Kosa la upande wa mitego, kwa maoni yangu, halikuwa kuanza bali kuchelewa kuuliza kama bado kuna haja. Zilipita zaidi ya miaka 40 kabla mitego haijaanza kupunguzwa kwa majaribio mwaka 2015, na ilipoondolewa, udoezi haukurudi: chini ya kiota kimoja kwa kila mia ndicho kilichokutwa na yai geni, pengine kwa sababu ndege-ng'ombe wenyewe wamekuwa wachache katika eneo hilo. Mwezi Oktoba 2019 ndege wa Kirtland aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sensa ya 2021 ilihesabu jozi 2,245. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Texas, nchi ya mifugo mingi, ambako ndege mwingine mdogo, vireo wa kichwa cheusi, aliokolewa kwa njia hiyo hiyo baada ya viota karibu 9 kati ya kila 10 kudoewa katika sehemu moja muhimu ya mazalio yake. Kila mahali panahitaji hesabu yake ya viota, na hesabu hiyo ndiyo itakayosema kama kizimba kifunguliwe au kibaki ghalani.

Huko Michigan kazi iliyobaki ni ya miche. Ili ndege wa Kirtland aendelee kuwapo, ekari zipatazo 38,000 za misonobari michanga lazima ziwepo wakati wote, na kwa kuwa moto hauruhusiwi tena kutembea utakavyo kati ya nyumba za watu, watumishi wa misitu hukata miti iliyozeeka na kupanda mipya kwa mistari, wakiacha nafasi wazi katikati ambapo zamani moto ungeiacha wenyewe.