Kennedy ni wa Ayalandi au wa Uskoti?

Ukitaja jina la ukoo Kennedy, wengi huiwaza Ayalandi, na wana sababu. Patrick, baba wa babu yake Rais John F. Kennedy, aliondoka Dunganstown, kaunti ya Wexford, wakati wa njaa kuu, akahamia Boston. Mwaka 1963 rais mwenyewe alikwenda kijijini hapo kuwasalimia ndugu zake. Jina ni la kale pia: Ó Cinnéide, yaani uzao wa Cinnéide, mtoto wa kaka yake Brian Boru, mfalme aliyeuawa Clontarf mwaka 1014.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Huko Carrick, kusini magharibi mwa Uskoti, akina Kennedy walikuwa mabwana wa nchi. Mwaka 1509 mkuu wao alipewa cheo cha Earl wa Cassilis, na ngome yao ya Culzean ingali imesimama juu ya mwamba wa bahari. Zamani hizo Carrick nako walizungumza Kigaeli, lugha lilikotoka jina hilo, kwa hiyo jina lingeweza kuzaliwa mara mbili. Juma wa Lamu na Juma wa Kigoma si lazima wawe ndugu.

Kisha watu wakavuka bahari. Kuanzia karne ya 17 Waskoti walihamia Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, na wakati wa njaa ya 1845 hadi 1852 Waayalandi walimiminika Glasgow. Wako wanaoamua kwa dini: Kennedy Mpresbiteri wa Antrim, huko Ulster, ni Mskoti, Mkatoliki wa Tipperary, kusini mwa Ayalandi, ni Mwayalandi. Mara nyingi wanapatia. Ila ndoa moja tu hubadili dini ya kizazi kizima, kwa hiyo mimi naichukua kama fununu, si ushahidi.

Ushahidi uko kwenye karatasi, na hapo Ayalandi inaumiza. Moto wa Four Courts, jengo la mahakama la Dublin lililohifadhi kumbukumbu, mwaka 1922, uliteketeza sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851; zile za 1861 hadi 1891 serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu. Zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911. Ile ya 1911 baba mwenye nyumba aliijaza kwa mkono wake, na mke aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wangali hai. Ukiona 9 kisha 5, unanyamaza kidogo.

Uskoti ni rahisi zaidi: tangu 1855 cheti cha kifo hutaja wazazi wote wawili, pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo mama. Tatizo ni sensa za Glasgow. Kwa mhamiaji, penye mahali pa kuzaliwa, mara nyingi karani aliandika neno moja tu: Ayalandi. Wengi wakifika hapo hurukia Tipperary. Mimi ningefungua daftari za ubatizo za parokia nitazame majina ya wasimamizi, maana aghalabu walikuwa ndugu au watu waliotoka kijiji kimoja.