Walianza na Chungwa, Wakaja Kwenye Shati

Tangu Novemba 2005 sijala chungwa kwa amani. Mwaka huo, katika kura ya maoni, tume ya uchaguzi ya Kenya iliamua kwamba anayeikubali katiba mpya aweke alama kwenye ndizi na anayeikataa aweke kwenye chungwa, na mimi, niliyekuwa nikila machungwa tangu utotoni bila kumkosea mtu, nikaanza kuulizwa na muuza matunda nimeahidiwa nini na wapinzani. Nikinunua ndizi, shemeji yangu ananuna. Chungwa liliposhinda nilidhani yamekwisha. Kumbe halikuwa na nia ya kurudi kapuni, likajiundia chama na kugombea urais mwaka 2007.

Mwaka 2010, katiba nyingine ilipoletwa ipigiwe kura, wakayaacha matunda, wakaja kwenye rangi: kijani ni ndiyo, nyekundu ni la. Mimi nina mashati manne tu ya kutokea nje, mawili mekundu, moja la kijani, na la nne limetoboka kwapani. Nikivaa jekundu, kondakta wa matatu ananiuliza kwa sauti kama nimetumwa na William Ruto, aliyekuwa akiongoza kambi ya la. Nikivaa la kijani, mama watoto, ambaye kanisani kwake walikuwa wameambiwa wakatae kwa sababu ya kifungu cha 26 kuhusu uhai na kwa sababu ya mahakama za Kadhi (ambazo, nilijaribu kumweleza, zilikuwamo katika katiba tangu uhuru), ananiandalia ugali mtupu na kuniambia kwamba mboga si ninayo kifuani. Siku niliyovaa la kijani juu ya fulana nyekundu, kwa sababu ya baridi tu, vijana wa kituoni wakaniita tikitimaji, jina walilokuwa wakipewa wanasiasa wa kijani nje na wekundu ndani. Wiki mbili nzima nilivaa lile lililotoboka, mikono nimeibana mbavuni kama kuku mgonjwa.

Wote hao hawakuwa wameisoma hiyo katiba. Mimi nilikuwa na nakala niliyogawiwa bure, yenye sura 18 na vifungu 264, nami nilisoma hadi kifungu cha 43, nikatulia hapo. Kilisema kwamba kila mtu ana haki ya makao yanayofaa, chakula cha kutosha na maji safi. Nilikisoma mara tatu, nikautazama mfereji wetu, ambao ulikuwa umekauka siku ya tisa, nikahisi kama mtu aliyeandikiwa barua. Kosa langu ni kwamba nilimsimulia mwenye nyumba, naye akaiazima ile nakala.

Tarehe 4 Agosti tulipiga kura, kijani ikapata asilimia 67 hivi, na tarehe 27 Rais Kibaki akaitia saini katiba pale Uhuru Park. Mwezi uliofuata mwenye nyumba alibisha hodi kudai kodi ya miezi miwili. Nilisimama wima, nikamtajia kifungu cha 43 pamoja na habari za mfereji. Hakubishana. Alitoa mfukoni nakala yangu, ukurasa umekunjwa kwenye kifungu cha 40, kinacholinda haki ya kila mtu ya kumiliki mali, akaniomba nimsomee kwa sauti kwa kuwa hakuja na miwani. Nilimsomea. Akashukuru, akasema angependa alipwe kabla ya saa sita, akaondoka na nakala yangu.