Ndege Wangu wa Naliendele

Kabla hamjaendelea kusambaza, nisikilizeni na mimi mwenyewe. Mwalimu mwenzangu wa hisabati amekwisha kuwahadithia nusu ya Mtwara, kuanzia kijiwe cha kahawa hadi stendi, eti nilimpigia ndege mluzi hadi jasho likanitoka. Uongo. Mluzi nilipiga, sikatai, ila nilikuwa nawaonyesha wanafunzi sauti yake. Na jasho lilikuwa la joto. Novemba hii Mtwara nani hatoki jasho?

Iko hivi. Jumamosi nilikuwa Naliendele kwenye mikorosho ya shemeji. Nimekaa zangu kivulini, kikapita kitu cheusi, kifua chekundu, mdogo wa kuenea kiganjani. Chozi kifua-chekundu, yule ndege anayenyonya maua, tena dume! Aliyewahi kumfukuzia chozi anajua shida yake: ukimwona hujatoa simu, ukitoa simu yuko mti wa pili. Nilipiga picha 41. Usiku ndani ya chandarua nikazipitia moja moja. Majani. Majani. Kidole changu. Majani. Ya 18, huyu hapa! Nikavuta picha mpaka ikawa vinukta vitupu: kifua chekundu, kichwa kijivu chenye ukijani, na domo limepinda kama ndoana. Nikamwamsha mke wangu. Akatazama, akasema "hongera," akageukia ukutani. Leo ndiyo naielewa hongera ile.

Alhamisi ikawa zamu yangu klabu ya mazingira. Nikaazima projekta, nikatundika shuka letu jeupe ukutani, madirisha nikayaziba kwa maboksi. Wanafunzi kama 60, na yule wa hisabati kajipenyeza nyuma kwa sababu darasa lile lina feni.

Jamani, nilifundisha. Nikawaambia wale ndege wa Marekani wanaoelea hewani mbele ya ua huku hawapo, sisi tuna chozi, naye kwa kawaida hutua kwanza ndipo anyonye. Nikawaeleza domo limepinda ili lifike ndani ya ua. Mmoja akauliza, mwalimu, mbona utosi haung'ai kijani kama ulivyosema? Swali zuri! Nikamjibu kwamba kijani kile si rangi iliyomo kwenye unyoya, ni namna unyoya ulivyoumbwa unavyorudisha mwanga, kwa hiyo jua likiwa upande mwingine ndege anaonekana kafifia. Hayo yote ni kweli, kafungueni vitabu. Kisha nikaongeza kwa madaha, na sentensi hii ndiyo imeniua: "Ukimtambua ndege kwenye picha mbaya, usihangaike na rangi. Tazama umbo."

Binti mmoja wa Kidato cha Pili, kwao Tandahimba, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Umbo si la bibo hilo?"

Bibo, tunda la mkorosho! Nikacheka. Nilicheka kweli, kile kicheko cha mwalimu anayemhurumia mtoto. Nikamwambia, "Njoo mbele utuonyeshe." Kwa nini nilimwita? Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Akaja polepole, ndala zinaburuta. Kivuli chake kikapanda kwenye shuka. Akaweka kidole kwenye kifua cha ndege wangu: "Hili bibo lenyewe, limeiva." Kidole kikashuka kwenye kichwa: "Hii korosho." Kikafuata domo, taratibu, mpaka ncha: "Hapa inapojikunja." Halafu akarudi pale kichwa kinapokutana na kifua, akafanya ishara ya kusokota kwa vidole viwili, kama anayefanya kazi hiyo kila msimu tangu azaliwe. "Hapa ndipo tunapokonyolea."

"Na jicho?" nikauliza. Sauti haikuwa yangu.

"Katoboa mdudu, mwalimu."

Kimya. Feni inazunguka. Ningekubali pale pale, leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini nikasema tutazame picha ya 19, tuone alivyoruka. Nikabonyeza. Ndege yuko palepale. Ya 20, palepale, hajageuza hata shingo. Chozi! Ndege niliyetoka kuwaambia hatulii! Nikabonyeza haraka nipite aibu, nikaangukia ya 23, ambapo simu ilikuwa imesogea nyuma kidogo. Walikuwa wanne. Wote wananing'inia kichwa chini kwenye tawi moja.

Aliyeanza kucheka ni mwalimu wa hisabati. Mtu mzima, ana watoto watatu, aliteleza kwenye kiti.

Na ninyi mnaoniuliza "mwalimu, umezaliwa wapi wewe?" Nimezaliwa hapahapa. Bibi yangu alikuwa akikamua uraka, pombe ya mabibo. Naliendele ndiko kilipo kituo cha utafiti wa korosho, watu wanasoma mkorosho mpaka shahada, mimi nikaenda kusimama chini yake nisiujue. Ila chozi nilimwona, kwa macho yangu, sema tu hayumo katika picha hata moja kati ya zile 41.

Yaliyofuata mnayajua: jina jipya nimepewa, mkuu wa shule kaulizia projekta ilitumika kwa somo gani, shuka limerudi kitandani.

Leo asubuhi nimekuta mezani bibo moja kubwa jekundu, korosho yake imechorwa macho mawili kwa peni, nyuma limechomekwa unyoya wa kuku. Sikusema neno. Nikaung'oa unyoya, nikaikonyoa korosho palepale nilipofundishwa, bibo nikalila mbele ya ofisi nzima. Likanichuruzikia kifuani kwenye shati jeupe, na doa la bibo hakuna sabuni inayolitoa. Kipindi kilichofuata nilikuwa na Kidato cha Pili.