Umbali ni ule ule, saa si zile zile

Ndugu mwandishi, katika makala yako umegawa kilomita 5,540 za kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi JFK, New York, kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, ukapata saa 6 na dakika 10, kwenda sawa na kurudi. Umesahau upepo! Juu ya Atlantiki kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Usiku ule narudi London, skrini ya kiti cha mbele ilionyesha kilomita 1,080 kwa saa. Wakati wa kwenda haikufika hata 850. Ndiyo maana tiketi huandikwa karibu saa 8 kwenda, takriban 7 kurudi, zikiwemo dakika za ndege kutambaa uwanjani. Tafadhali rekebisheni, kuna watu wanapanga ndege za kuunganisha kwa hesabu hizi.