Nakuru: chupa ya kioo hurudi, ya plastiki huishia ziwani

Kila mvua ya masika inapoanza, mitaro ya Nakuru huziba na mabishano yale yale huanza upya. Wapo wanaosema tatizo ni wakazi wasio na ustaarabu: mtu amemaliza maji yake ndani ya matatu, anafungua dirisha, chupa inabaki barabarani naye anashuka zake Lanet. Wapo wanaosema tatizo ni kaunti: lori la taka halijaonekana mtaani wiki ya pili sasa, na anayetaka kutupa taka mahali pake hana mahali penyewe.

Pande zote mbili zina ushahidi, tena wa kila siku. Ila nikizisikiliza naona zote mbili zinaanzia katikati ya safari, pale chupa inapokuwa tupu mkononi mwa mtu. Nani aliyeileta, kwa gari gani, na kwa nini gari hilo lilirudi bila kitu, hayo hayaulizwi. Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu, kwa mji na hata zaidi kwa vijiji vinavyouzunguka.

Hoja ya ustaarabu si ya kupuuzwa. Wazee wa Nakuru bado husimulia kwa fahari enzi ambazo mji wao ulisifika kwa usafi Afrika Mashariki nzima, muda mrefu kabla haujatangazwa kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Wanaohimiza nidhamu hutaja pia Rwanda, ambako Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi hutoka kufanya Umuganda, yaani kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi wa mitaa, na barabara za Kigali zinawapa haki ya kusema hivyo. Na hapa kwetu wana mfano mkubwa kuliko yote: marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu ilikuwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Wengi walisema haiwezekani. Kabla mwaka haujaisha, majuala yaliyokuwa yakining'inia kwenye nyua na miiba ya akasia yalikuwa yamepungua mno, na watu walikuwa wameshazoea kwenda sokoni na kikapu.

Kwa hiyo ukali unafanya kazi? Ndiyo, lakini tazama ulimpiga nani. Marufuku ile iligusa kiwanda, muagizaji na duka kubwa kabla ya kumgusa mpita njia. Mama mboga aliacha kutoa juala kwa sababu hakuwa na pa kuyanunua, na mteja akaja na mfuko wake kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Tabia ilibadilika baada ya bidhaa kukosekana. Na pale bidhaa inapopatikana tena, tabia hurudi nayo: majuala mepesi yanayoingizwa kimagendo kupitia mipaka yetu yangali yanafungia sukuma wiki iliyokatwakatwa, na hakuna mteja anayeikataa mboga kwa sababu ya kifungashio. Wanaoutumia mwaka 2017 kudai askari wa kaunti wawakamate watu wengi zaidi mitaani wanausoma vibaya ushindi wenyewe.

Upande wa pili nao unasimama juu ya sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaongeza wajibu wa kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Sasa nenda na sheria hiyo Kaptembwo au Rhonda, mitaa ya wapangaji wa kipato cha chini. Ploti moja ina vyumba vingi, mwenye ploti haishi hapo, kichochoro hakipitishi lori, na vijana wa mkokoteni huchukua taka za waliolipa peke yao. Asiyelipa huweka mfuko wake penye mfuko wa jirani, usiku. Section 58 na Milimani taka huondoka kwa sababu wakazi wana fedha za kulipa na barabara za kupitisha gari. Kumtoza faini mpangaji wa Rhonda kwa kukosa huduma ambayo haikumfikia ni kumwadhibu kwa umaskini wake, na hilo nalipinga moja kwa moja.

Hata hivyo wanaolilia mapipa nao wanaacha kitu. Pipa bila ratiba ya kulimwaga ni jaa dogo lililosogezwa karibu na watu. Pipa la chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Na hata taka ikizolewa vizuri, inapelekwa wapi? Jaa la Gioto liko upande wa miteremko ya Menengai, mlima wa volkano wenye kreta, kando ya barabara ya Kabarak, na mji wote uko chini yake. Ardhi ya Nakuru inateremka kutoka kreta hadi ziwani, na maji hufuata mteremko huo. Kuzoa taka chini, kuzipandisha juu na kuziacha wazi kwenye mvua ni kuzipa safari nyingine ya kushuka.

Angalia mtaro mmoja wa Bondeni asubuhi baada ya mvua kubwa, pale kwenye kalvati ambapo kila kitu hukwama. Utaona chupa za maji na za soda za plastiki zimebanana hadi maji yanapita juu yake. Utaona pakiti za krispsi na za maziwa, ndala iliyokatika mkanda, maganda ya viazi, mabua ya mahindi, nepi zilizofura kwa maji hadi zimekuwa nzito kama jiwe. Kitu kimoja hutakiona: chupa ya kioo ya soda ikiwa nzima.

Soda ya kioo bado inanywewa mjini humu, kwenye vibanda vya Bondeni vyenyewe. Mnywaji ni yule yule. Pengine ni yule yule aliyetupa ya plastiki jana. Tofauti ni kwamba ya kioo ina dipoziti. Ukitaka kuondoka nayo, unaacha pesa, ukiirudisha, unarudishiwa. Ukiiacha njiani, mtoto ataiokota na kuikimbiza dukani. Mwenye duka anaipanga kwenye kreti, na lori likileta kreti zilizojaa linaondoka na kreti tupu. Hakuna aliyefunzwa ustaarabu katika mpango huo, na kaunti haikutoa hata shilingi. Umekuwepo tangu wazazi wetu wakiwa vijana, na unafanya kazi Mau Narok, huko mashambani, sawasawa na unavyofanya kazi katikati ya jiji. Viwanda vilipohamia plastiki, gharama ya kuirudisha chupa iliondolewa kwenye vitabu vya kampuni ikaachiwa mtaro, kaunti na ziwa. Ulikuwa uamuzi wa kibiashara, na uamuzi wa kibiashara unaweza kubadilishwa.

Vijijini jambo hili huonekana wazi zaidi. Mabishano ya wanaonyanyapaa "wakazi wachafu" huishia mpakani mwa mji, kana kwamba Molo, Elburgon, Dundori na Subukia ni mashamba matupu. Lakini sabuni ya pakiti, maji ya chupa, nepi na dawa za kunyunyizia viazi zinafika kote huko. Msambazaji anajua kila duka na kila kituo cha biashara, na anafika hata barabara ikiwa tope. Lori la taka halifiki. Jioni mwenye duka anasukuma maboksi na plastiki kwenye shimo nyuma ya jengo, anawasha kiberiti, na moshi ule mweusi unaochoma koo unaingia nyumba za jirani. Plastiki ikichomwa kwenye moto wa chini namna hiyo hutoa sumu zinazokaa muda mrefu udongoni na mwilini.

Shimo lenyewe si ujinga. Lilikuwa jibu sahihi kwa taka za zamani: majivu, maganda, majani ya mgomba, mabaki ya chakula ambayo mbuzi hakuyamaliza. Baada ya misimu miwili lilikuwa mbolea. Taka zimebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja, na shimo limebaki lile lile. Mkulima wa viazi anayetupa chupa ya dawa kando ya kijito anachotekea maji hafanyi hivyo kwa dharau. Amenunua kitu ambacho hakuna aliyempangia pa kukipeleka kikiisha. Ng'ombe wake anatafuna plastiki malishoni, haiyeyuki tumboni, inajikusanya humo mpaka mnyama anakonda akiwa na tumbo lililojaa. Hasara hiyo haiingii kwenye hesabu ya kiwanda chochote.

Kisha kuna ziwa. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mto Njoro, Makalia na Nderit huingia, mitaro ya jiji humwaga, na kinachoingia hakina njia ya kutoka. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumia mara moja katika mbuga za taifa, kwa hiyo mtalii huacha chupa yake ya maji langoni. Maji ya mvua hayapitii langoni. Hifadhi iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 inalindwa dhidi ya chupa ya mgeni mmoja mmoja huku mji mzima ukiwa juu yake.

Kwa hiyo nasimama na wale wanaotaka mtengenezaji awajibike, na chombo kipo: kanuni za mwaka 2024 chini ya ile Sheria ya 2022 zinamtaka mtengenezaji na muagizaji kubeba gharama ya bidhaa yake baada ya kutumika. Lakini upande huu nao una wapinzani wenye hoja nzito, na haifai kuzifunika.

Ya kwanza ni bei. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa mazingira uliogusa bidhaa kama nepi, na akina mama walikuwa mstari wa mbele kuukataa kabla muswada wote haujaondolewa mwezi Juni baada ya maandamano. Walikuwa na haki. Ushuru unaokwenda Hazina Kuu na kupotelea huko hauondoi nepi hata moja mtaroni Bondeni. Familia nyingi zinaishi kwa uchumi wa kadogo: sabuni ya leo, mafuta ya leo, majani ya chai ya leo. Ukiipiga marufuku pakiti ndogo kesho, unamwambia asiye na pesa ya pakiti kubwa asinunue kabisa. Dipoziti haiko hivyo, kwani hurudi mkononi mwa aliyeitoa. Ni pesa iliyowekwa rehani, na kwa maskini anayeokota chupa iliyotupwa na tajiri ni kipato.

Ya pili ni wale wanaoishi kwa taka. Gioto kuna familia ambazo riziki yao hutoka kwenye jaa, na chupa za plastiki ni sehemu ya riziki hiyo. PETCO, shirika la wadau wa sekta ya chupa lililoanzishwa 2018, limeonyesha kwamba chupa ikiwa na mnunuzi huokotwa. Mpango wa dipoziti usipowahesabu waokotaji, utawanyang'anya mali bora na kuwaachia uchafu mtupu. Hilo lina dawa: yeyote anayeleta chupa alipwe, awe mnunuzi wa kwanza au mwokotaji, bila kuulizwa risiti.

Ya tatu ni usafiri, na hapa wenye viwanda husema kweli nusu. Chupa tupu ya plastiki ni hewa. Lori lililojaa chupa zisizobanwa kutoka Mau Narok linabeba uzito mdogo kwa mafuta mengi, ndiyo maana mnunuzi wa kilo haendi huko. Lakini lori la msambazaji liko huko tayari, na linarudi Nakuru likiwa tupu. Mashine ya kubana chupa katika kila kituo kikubwa cha biashara, na agizo kwamba anayepewa leseni ya kusambaza vinywaji arudi na magunia ya chupa zilizobanwa, ni jambo linalowezekana bila kununua lori jipya hata moja. Bunge la Kaunti likitaka kuanza na njia moja tu, njia ya Njoro hadi Mau Narok ingefaa, kwa sababu kinachotupwa upande wa Njoro ndicho Mto Njoro unachokileta mjini.

Kuna kitu dipoziti haitakiweza. Nepi hairudishwi kreti, wala hakuna mtoto atakayeiokota kwa shilingi. Hapo hakuna pa kukimbilia isipokuwa kaunti: shimo lililojengwa, lililozungushiwa ua, lenye ratiba, katika kila kituo cha biashara na karibu na kila mtaa wa ploti, na gharama yake ilipwe na waagizaji na watengenezaji kwa kiasi wanachouza Nakuru, fedha ziingie kwenye akaunti ya kazi hiyo na si mfuko mkuu. Mama wa Rhonda mwenye mtoto wa miezi sita hutumia nepi kadhaa kwa siku katika chumba kimoja kisicho na bomba ndani. Kumwambia arudie za kitambaa ni kumwongezea ndoo za maji anazozinunua. Nepi ya leo anayo mkononi, na pa kuipeleka kwa sasa ni mtaroni tu.